Kabla hujalipia mashine ya kasia ya nyumbani, pima hivi vitu kwanza

Watu wakitaka mashine ya kasia, ile ya mazoezi unayokaa ukavuta kama unapiga kasia (rowing machine), swali la kwanza linakuwaga bei, mi nakuomba bei uiweke pembeni kidogo, chukua futi na chaki uanze na sakafu ya kwako. RowErg ya kampuni ya Concept2, mashine ya feni ambayo ndo utaikuta gym nyingi, ina urefu wa sentimita 244 na upana wa 61, afu we mwenyewe ukivuta unaegemea nyuma, kwa hiyo tenga kama mita 2.75 kwa 1.2. Lichore hilo boksi sebuleni uliache siku mbili. Mi nilivyochora ndo nikaona mlango wa jikoni unafungukia ndani ya boksi, na mama kila akitoka na sufuria ya uji anapita humo humo, pale pale kiti kitakapokuwa kinarudi nyuma. Nikahamishia chumbani siku hiyo hiyo.

Itakaa wapi ukimaliza? RowErg inaachana vipande viwili bila spana. WaterRower ya mbao, ambayo ni mashine ya maji, unaisimamisha wima ukutani, ila ikisimama inapita mita 2 kwa hiyo isiwe chini ya pangaboi, na tenki lake linabeba maji kama lita 17, mtu wa kuhamahama nyumba za kupanga alifikirie hilo mapema.

Aina sasa, na hapa ndo pesa zinapotea. Zinatofautiana kwa kinachokupa ugumu ukivuta: zipo za feni, za maji, za sumaku na za shokapu. Za shokapu ni fupi na bei yake inavutia, mi ndo nilianza nayo, na kwa kweli sikushauri: mafuta ya ndani yakipata joto yanakuwa mepesi, mvuto unalegea, dakika ya kumi na tano nilikuwa navuta kama navuta hewa na ukigusa ile shokapu inachoma kabisa. Ya feni haina hiyo shida, ukivuta kwa nguvu nayo inakukaza zaidi, lakini inavuma, na kadiri unavyovuta ndo inavyovuma. Kama unafanya saa kumi na moja alfajiri na mtoto amelala chumba cha pili chukua ya sumaku, iko kimya, na ukiwa ghorofani weka mkeka mzito wa raba chini hata kama ni ya sumaku manake ile kiti kwenda na kurudi jirani wa chini anaisikia.

Afu kile kirungu cha namba 1 mpaka 10 pembeni ya feni, watu wanakifikiria ni uzito wa chuma, wanaweka 10 siku ya kwanza wanaamka mgongo umekaza. Kinapunguza au kuongeza hewa inayoingia tu, anza na 3 mpaka 5, nguvu itatoka kwenye miguu yako.

Mwili wako pia upimwe. Kaa, sukuma mpaka magoti yanyooke, uone reli ambayo kiti kinateleza imebaki au kiti kimegonga mwisho, mtu mrefu kwenye mashine fupi anaishia kuvuta na mikono tupu. Kama unanunua kwa ajili ya mzazi anayeumwa magoti, kiti cha RowErg ya kawaida kiko sentimita 36 tu toka chini, kunyanyuka pale ni kazi, ipo yenye miguu mirefu, kiti chake kiko sentimita 51. Soma na uzito inaoruhusu, hiyo RowErg inabeba mpaka kilo 227 ila nyingi za bei ndogo zinaishia mbali chini ya hapo. Mwenye shida ya diski za mgongo, presha au mjamzito aongee na daktari wake kabla ya kulipa.

Umeme sio tatizo kwa za feni, kioo cha RowErg kinatumia betri mbili kubwa za D, za sumaku ndo uulize manake baadhi bila kuchomekwa ukutani haziongezi ugumu.

Kwa sisi wa Dar, Tanga, Mombasa, chumvi ya bahari inakula cheni. Ukikagua ya mtumba vuta cheni yote nje uipitishe kwenye kitambaa cheupe, kikitoka cha kahawia ujue ina kutu. Ikiwa yako, cheni ipake mafuta kila masaa 50 ya matumizi na reli ifute kila ukishuka.

Ukiagiza nje, ile bei ya Dubai bado haina usafiri na ushuru, na kwa Tanzania VAT ya 18% inapigwa juu ya vyote hivyo vikishajumlishwa, kwa hiyo omba hesabu ya mpaka mlangoni.

Kabla ya yote hayo nenda gym ya kulipia siku, piga mita 2000, ndo umbali wa Olimpiki, polepole, miguu kwanza, mgongo ufuate, mikono mwisho, halafu sikilizia kiuno kesho yake asubuhi ukiinama kuvaa viatu.