SOMO: Kukaa mwaka mtaani kabla ya kuomba chuo (msinifuate inboksi tena)

Matokeo ya form six yakitoka tu, madogo wa huku Kigoma mwisho wa reli mnaniuliza kitu kimoja: "bro nikikaa mwaka nimepoteza?" Hujapoteza. Mimi nimemaliza 2024, nikakaa Mwanga mwaka mzima, sa hivi niko first year.

1. Ongea na wazazi mapema.

2. JKT ukipangiwa nenda, miezi mitatu inaisha.

3. Kama umeamua kukaa, usiombe chuo "kujaribu tu" afu ukathibitisha nafasi, utahangaika nayo mwaka unaofuata.

4. MAKARATASI. Hapa ndo niliungua. Nilijiambia nina mwaka mzima, nitafuatilia dirisha la mkopo likifunguliwa. Likafunguliwa, napeleka cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA (wale wa vizazi na vifo), kumbe kimeandikwa Hussein na cha form four ni Huseni, herufi tu jamani! Nikaanza safari za wilayani, leo kiapo kwa wakili, kesho njoo keshokutwa, mpaka jina limekaa sawa Bodi ya Mikopo wameshafunga, ada ya mwaka wa kwanza kalipa mjomba na kila sikukuu ananikumbusha. Kwa hiyo WIKI HII weka vyeti vyote mezani, soma majina herufi kwa herufi, na la baba pia. Yakitofautiana, rekebisha cha kuzaliwa kifanane na cha form four, maana mfumo wa mkopo unakuvuta kwa namba ya mtihani wa form four. Kitambulisho cha NIDA anza kukifuatilia sasa.

5. Kazi. Usiweke mtaji wote sehemu moja. Mimi nilipanga dagaa, ziwa likafungwa 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024 samaki wazaliane, nikabaki naangalia mitumbwi pale Kibirizi. Mawese ndo yaliniokoa.

6. Dirisha la udahili hufunguliwa baada ya matokeo, kwa kawaida Julai. Omba.

MASWALI

Dogo wa Ujiji: Bro samahani, majina yakitofautiana inakuwaje?
— Namba 4.

Dogo wa Ujiji: Nimeisoma ila ni ndefu
— Foleni ya wilayani ni ndefu zaidi.

Binti Kasulu: Shikamoo kaka. Nina D moja na E moja, nikikaa mwaka inasaidia?
— Marahaba mdogo wangu, swali zuri. D ni pointi 2, E ni 1, jumla 3, na digrii wanataka 4 kwa masomo mawili. Ukikaa bure itabaki 3. Njia ya kwanza rudia mtihani kama PC (mtahiniwa wa kujitegemea), mtihani ni Mei ila usajili unafanyika mwaka unaotangulia, usisubiri Januari. Ya pili ni foundation (kozi ya kukuandaa kuingia digrii) ya Chuo Kikuu Huria, wanapokea wenye pointi 1.5 kwenda juu ambao hawajafika 4, na kituo kipo hapa hapa Kigoma. Ungependa kusoma nini?

Binti Kasulu: Ualimu, ila nyumbani hela ya PC nitaitafuta mwenyewe
— Basi njoo kwenye mawese.

Mzee wa Mwandiga: We kijana mawese yako si yaliharibika yale?
— Dumu mbili tu mzee, yalikuwa na maji.

Mzee wa Mwandiga: Binti, yachemshe tena mpaka yaache kupiga kelele, yakipoa jaza dumu hadi shingoni hewa isibaki. Nunua yakiwa mengi sokoni, uza yakiadimika. Huyu kaka yako nilimwambia akajifanya msomi.