Jinsi ya Kumpata Mhandisi Mshauri wa Mradi wa Barabara: Kuanzia Hadidu za Rejea hadi Mkataba

Mshindi wa kazi ya ushauri wa barabara huanza kuonekana kabla ya pendekezo hata moja kufunguliwa. Anaamuliwa na namna ulivyoandika hadidu za rejea (waraka unaoeleza kazi unayotaka ifanywe), ulivyogawa alama na uzito ulioupa bei. Mtu anayesubiri siku ya tathmini ndipo aanze kufikiria ubora amechelewa. Ndiyo maana hatua za mwanzo humu ni ndefu kuliko za mwisho.

Mwongozo huu ni kwa watumishi wa taasisi nunuzi za barabara Tanzania, yaani TANROADS (Wakala wa Barabara), TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) na halmashauri, na kwa kampuni za ushauri zinazotaka kujua upande wa pili wa meza unafanya nini. Fedha zikiwa za serikali, unaongozwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na Kanuni zake za 2024, na mchakato unapita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa kielektroniki. Fedha zikitoka nje, kama Benki ya Maendeleo ya Afrika (AfDB) kwenye barabara ya mzunguko wa nje ya Dodoma yenye kilomita 112.3, au Benki ya Dunia kwenye miundombinu ya mabasi yaendayo haraka Dar es Salaam, taratibu za mfadhili zilizo kwenye makubaliano ya fedha ndizo zinazotangulia. Soma makubaliano hayo kwanza. Nyaraka zikiandaliwa kwa taratibu zisizo sahihi, kazi yote inarudi mwanzo.

Hatua ya 1: Tambua ni kazi gani unayonunua

Upembuzi yakinifu, usanifu wa kina na usimamizi wa ujenzi ni kazi tatu, na malipo yake hayafanani. Upembuzi na usanifu huzaa ripoti na michoro inayohesabika, kwa hiyo mkataba wa bei ya jumla, yaani bei moja kwa kazi nzima, unafaa: ripoti ya kuanza kazi ikikubaliwa unalipa asilimia fulani, rasimu ya usanifu ikikubaliwa unalipa nyingine, mpaka nyaraka za zabuni ya ujenzi.

Usimamizi unamfuata mkandarasi. Mkandarasi akichelewa miezi 10, Mhandisi Mkazi (mhandisi wa mshauri anayesimamia kazi palepale inapojengwa) na timu yake wanabaki barabarani miezi 10 zaidi. Mshauri hawezi kubeba hasara ya uzembe wa mtu mwingine, hivyo mkataba wa kulipa kwa muda ndio wa haki. Ukimlazimisha bei ya jumla, ataongeza bei tangu mwanzo kujikinga, au atapunguza watu kimyakimya mradi ukirefuka. La pili ni baya zaidi, maana linaonekana pale tabaka la msingi linapoanza kubonyea.

Mshauri aliyesanifu barabara anaweza kuendelea na usimamizi wake. Ila aliyekuandikia hadidu za rejea hawezi kushindania kazi hiyohiyo, na aliyesanifu hawezi kugeuka mkandarasi wa barabara aliyoisanifu.

Hatua ya 2: Andika hadidu za rejea zinazopimika

Sentensi kama "mshauri afanye uchunguzi wa udongo wa kutosha" ni mlango wa ugomvi. Kampuni moja itapanga mashimo 30, nyingine 200. Zote zimejibu hadidu zako, na bei zao hazilinganishiki tena. Andika idadi. Kwa mfano: shimo moja kila mita 500, kina kisichopungua mita 1.5 chini ya usawa wa tabaka la chini la barabara, kipimo cha CBR (uimara wa udongo) kwa kila aina ya udongo inayokutwa. Idadi yenyewe itoke kwenye Mwongozo wa Usanifu wa Lami na Vifaa wa 1999, na umbo la barabara lifuate mwongozo wa usanifu wa jiometria wa 2011.

Yanayosahaulika mara nyingi ni haya: hesabu ya magari ifanyike siku 7 mfululizo, na angalau siku mbili ziwe za saa 24, kwa sababu malori mengi husafiri usiku, machimbo ya kifusi na kokoto yaoneshwe pamoja na kiasi kinachopatikana na umbali wake hadi barabarani, alama za upimaji zijengwe kwa zege na zikabidhiwe kwa orodha, tathmini ya mazingira iandaliwe kwa kiwango cha kupata cheti cha NEMC (baraza la taifa la mazingira), na wanaopisha mradi waorodheshwe pamoja na mali zao. Hili la machimbo ndilo ghali kuliko yote likikosewa. Mkandarasi akifika na kukuta kifusi kilichoandikwa kiko kilomita 8 kumbe kiko 35, ataleta dai, na kwa kawaida atashinda.

Andika pia utakachotoa wewe: data zilizopo, barua za utambulisho, ofisi kama ipo, na siku utakazotumia kutoa maoni kwa kila ripoti. Ukikaa na rasimu miezi miwili, ucheleweshaji ni wako.

Hatua ya 3: Kadiria gharama kabla ya kutangaza

Hesabu kwa miezi ya kazi ya wataalamu. Usichukue asilimia ya gharama ya ujenzi, kwa sababu asilimia haijui kama barabara inapita tambarare ya Singida au milima ya Mbeya. Mfano wa usanifu wa kina, kwa viwango vya kuonesha tu:

Wataalamu wakuu, miezi 34 kwa TZS milioni 18: milioni 612.
Wasaidizi na mafundi sanifu, miezi 60 kwa milioni 4: milioni 240.
Upimaji wa ardhi, uchimbaji na maabara: milioni 350.
Magari, malazi na uchapaji wa ripoti: milioni 180.
Jumla milioni 1,382. VAT ya asilimia 18 ni milioni 248.76.

Unahitaji kasma (fungu la bajeti) ya milioni 1,630.76. Taasisi zinazosahau VAT hujikuta na mshindi halali wasiyeweza kusaini naye.

Hatua ya 4: Chagua njia

Kwa barabara nyingi utatumia uteuzi kwa ubora na gharama, ule unaoandikwa QCBS kwenye nyaraka. Kazi ndogo na za kawaida, kama usanifu wa kilomita chache za changarawe kwa viwango vilivyokwisha kuwekwa, zinaweza kwenda kwa bei ya chini miongoni mwa waliovuka alama za chini. Bajeti ikiwa haipandi hata shilingi, iko njia ya bajeti isiyobadilika: unataja kiasi, anayezidi anatolewa, na mwenye alama za juu za kiufundi anachukua kazi.

Kwa kazi ngumu zenye madhara makubwa zikikosewa, mfano madaraja marefu kwenye tope la ziwa kama la Kigongo–Busisi lenye kilomita zipatazo 3, uteuzi kwa ubora pekee una mantiki: bei ya aliyeongoza tu ndiyo inafunguliwa na kujadiliwa. Marekani wameifanya njia hii kuwa ya lazima kwa kazi za uhandisi za serikali kuu tangu sheria ya Brooks ya 1972, na kwa usanifu wa barabara kuu zinazopewa fedha za shirikisho bei hairuhusiwi kuwa kigezo cha kupanga washindani. Kwetu wakaguzi huiangalia kwa jicho kali, kwa hiyo sababu ziandikwe na kuidhinishwa mapema.

Hatua ya 5: Tangazo la kuonesha nia na orodha fupi

Hapa unapima kampuni, bado hupimi watu. Omba uzoefu wa kazi zinazofanana, usajili wa ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) na uwezo wa kiutawala. Wasifu wa wataalamu haujahitajika. Ukiuomba sasa utasoma kurasa elfu bila faida. Kampuni ya nje ijue mapema kwamba nayo, pamoja na wahandisi wake, itahitaji usajili wa ERB kabla ya kufanya kazi nchini.

Taratibu za Benki ya Dunia zinataka orodha fupi ya kampuni zisizopungua 5 na zisizozidi 8. Kwenye ubia, hakikisha barua ya nia inasema nani kiongozi na nani anafanya nini. Uzoefu wa kampuni mama iliyo ng'ambo usihesabiwe kwa kampuni tanzu isipokuwa mama naye ameingia kwenye ubia.

Hatua ya 6: Gawa alama kabla hujaona sura ya mtu

Nyaraka sanifu za Benki ya Dunia zina mipaka mizuri hata kwa mradi wa fedha za ndani, ilimradi isipingane na nyaraka sanifu za PPRA, mamlaka inayodhibiti ununuzi wa umma. Uzoefu wa kampuni hupata alama 0 hadi 10, mbinu na mpango wa kazi 20 hadi 50, wataalamu wakuu 30 hadi 60, uhamishaji wa ujuzi 0 hadi 10, ushiriki wa wazawa 0 hadi 10. Jumla 100. Kwa usimamizi wa ujenzi sukuma wataalamu juu, hata 60, kwa sababu barabara itasimamiwa na watu wale, si na jina la kampuni. Kwa upembuzi wenye utata, ongeza mbinu.

Ndani ya alama za kila mtaalamu, elimu ya jumla ipate asilimia 10 hadi 20, ufaafu kwa kazi 60 hadi 80, uzoefu wa eneo 0 hadi 10. Tena, toa ngazi: Mhandisi Mkazi aliyesimamia miradi mitatu ya lami yenye kilomita 50 na zaidi anapata alama zote, miwili asilimia 80, mmoja asilimia 60. Bila ngazi, mjumbe mmoja atatoa 9 na mwingine 4 kwa wasifu uleule, na mlalamikaji atauliza kwa nini.

Alama ya chini ya kuvuka huwekwa mara nyingi 70 au 75. Ukiweka 80 unaweza kubaki na mmoja, na ushindani wa bei umekufa.

Hatua ya 7: Tathmini ya kiufundi

Kila mjumbe asaini tamko la kutokuwa na mgongano wa maslahi, asome peke yake, atoe alama na sababu, ndipo mkae pamoja. Pengo kubwa kati ya wajumbe lijadiliwe kwa kurudi kwenye pendekezo. Kukata katikati bila maelezo ni kuficha tatizo.

Mambo ya kukagua: pendekezo la kiufundi lenye bei ndani yake linatolewa. Mhandisi Mkazi huyohuyo akionekana kwenye mapendekezo ya kampuni mbili, au akiwa tayari yuko muda wote kwenye mradi mwingine, uliza. Orodha ya miradi inayoendelea unayo ofisini. Wasifu unaodai mtu alisimamia barabara mbili kwa wakati mmoja katika mikoa miwili usiupe alama kabla ya kupiga simu kwa mteja aliyetajwa. Mbinu iliyonakiliwa hugundulika kwa majina: ukikuta "mvua za masika za Pwani" kwenye mradi wa Kigoma, umeshapata jibu.

Kosa kubwa la timu za tathmini ni kuongeza kigezo kidogo ambacho hakikuwemo kwenye nyaraka. Hata kama ni cha busara, uamuzi utaangushwa kwenye rufaa.

Hatua ya 8: Fungua bei na ujumlishe

Waarifu wote alama zao. Bahasha za fedha za walioshindwa kuvuka hazifunguliwi. Za waliobaki zinafunguliwa hadharani, huku alama za kiufundi zikisomwa pamoja na bei.

Kwenye mkataba wa kulipa kwa muda unasahihisha makosa ya hesabu, na miezi ya wataalamu kwenye bei ikitofautiana na ya pendekezo la kiufundi, ya kiufundi ndiyo inashika. Kwenye bei ya jumla husahihishi: bei iliyoandikwa inachukuliwa kubeba kila kitu. Kwenye miradi ya Benki ya Dunia, VAT na kodi nyingine za ndani za aina hiyo hukaa pembeni wakati wa kulinganisha.

Bei ya chini hupata alama 100; nyingine ni bei ya chini gawanya kwa bei husika, mara 100. Chukua kampuni tatu. A ina alama 91 za kiufundi na bei ya TZS bilioni 6.4, B ina 86 na bilioni 5.2, C ina 78 na bilioni 4.0. Alama za bei ni 62.5, 76.92 na 100.

Kwa uzito wa 80 kwa 20, ufundi kwa bei: A 85.30, B 84.18, C 82.40.
Kwa uzito wa 70 kwa 30: A 82.45, B 83.28, C 84.60.

Kampuni zilezile, mapendekezo yaleyale, na mpangilio umepinduka wote. Fanya hesabu za namna hii kwa namba za kubuni kabla ya kutangaza, ujiulize kama uko tayari kulipa bilioni 2.4 zaidi kwa alama 13 za ubora. Jibu likiwa ndiyo, weka 80 kwa 20 na uache kulalamika baadaye.

Hatua ya 9: Majadiliano

Majadiliano si mnada. Bei imeshashindanishwa, hivyo viwango vya mshahara vya wataalamu haviguswi. Mnajadili hadidu za rejea, ratiba, mchango wa mteja, kodi na masharti ya mkataba. Kwanza kabisa, hakikisha wataalamu waliotajwa wapo. Kampuni isiyoweza kumleta Mhandisi Mkazi wake inaweza kupoteza nafasi. Kinachokubalika ni kifo, ugonjwa, au mchakato wako kuchelewa kupita uhai wa pendekezo. Mbadala naye awe na sifa sawa au zaidi. Mkishindwana, unamwendea wa pili kwa idhini, na ukishaanza naye hurudi kwa wa kwanza.

Hatua ya 10: Kusudio, kusubiri, kusaini

Toa taarifa ya kusudio la kutoa mkataba kwa wote walioshiriki, yenye alama na sababu. Kwa taratibu za Benki ya Dunia unasubiri siku 10 za kazi. Malalamiko huanzia kwa Afisa Masuuli (mtendaji mkuu wa taasisi nunuzi), kisha PPAA, mamlaka ya rufaa za ununuzi wa umma. Taarifa yenye sababu za kueleweka hupunguza rufaa kuliko kitu kingine chochote.

Kabla ya malipo ya awali, pokea dhamana ya benki na uithibitishe kwa benki yenyewe. Pokea pia bima ya dhima ya kitaaluma. Halafu weka kumbukumbu ya nani amefika barabarani na tarehe yake. Barua ya kuomba kubadilisha Mhandisi Mkazi mara nyingi huja ndani ya miezi mitatu ya kwanza, ikiwa na wasifu wa mtu mwenye uzoefu nusu ya yule uliyempa alama. Mpime mbadala kwa jedwali lilelile la Hatua ya 6. Akipungukiwa, ikatae barua kwa maandishi.