Jinsi ya kubuni ukumbi wa makumbusho unaomfanya mtoto aulize na kubuni

Mtoto akiingia ukumbini, mikono hutangulia. Hugusa, huvuta, husukuma, ndipo huuliza. Kwa hiyo swali la kwanza la mbunifu ni hili: ndani ya nusu dakika, mkono wa mtoto umefanya nini, na umebadilisha kitu gani? Kitufe kinachowasha taa kina jibu moja tu. Mtoto akikibonyeza mara mbili amekimaliza, anakimbilia kingine. Bomba la upepo, yaani bomba angavu la wima lenye feni chini yake, ambalo kila karatasi iliyokunjwa hupaa ndani yake kwa namna yake, humweka mtoto hapo kwa muda mrefu, kwa sababu kila jaribio huzaa lingine.

Chumba huja baada ya tendo. Wengi huanza na mada, kwa mfano bahari au msitu. Ukuta unapakwa rangi, samaki wa plastiki wananing'inizwa, na siku ya ufunguzi mtoto hana la kufanya ila kupigwa picha. Andika kila kituo, yaani kila mahali pa kufanyia tendo moja, kwa sentensi moja yenye kitenzi cha mtoto: "Anajenga njia ya mpira, mpira unaruka kwenye kona, anaibadilisha kona." Kitenzi kikiwa "anajifunza" au "anaelewa", bado hujapata kituo.

Baada ya hapo hesabu mambo ambayo mtoto anaweza kuyabadilisha yeye mwenyewe. Mwaka 1971 Mwingereza Simon Nicholson alitoa hoja kwamba ubunifu mahali popote hutegemea wingi na aina za vitu vinavyoweza kubadilishwa hapo, na hoja hiyo ikalieneza wazo la kuwaachia watoto vipande huru badala ya vifaa vilivyokwisha kukamilishwa. Bomba la upepo lina umbo, uzito, ukubwa na kasi: manne. Kitufe kina moja. Lenga matatu hadi matano. Yakizidi hapo, mtoto hawezi tena kujua ni lipi lililoleta badiliko aliloliona, na kituo kinakuwa fujo tu.

Skrini ya kugusa huvutia wafadhili, lakini huhudumia mtoto mmoja huku wanne wakisubiri nyuma yake, na ikiharibika inahitaji fundi ambaye hayupo jengoni. Itumie pale tu ambapo jambo lenyewe haliwezi kushikika, kama vile kuonyesha tendo la polepole mno au la kasi mno kwa jicho.

Kadibodi kabla ya plaiwudi

Usikate mbao kabla ya kuona watoto wasiopungua 20 wakitumia mfano wa kadibodi, gundi na vibanio. Umbo lisipendeze sana, maana kitu kizuri huwafanya watoto waogope kukigusa na wewe uogope kukibomoa. Kaa umbali wa mita 3, usiseme neno, usaidie tu pakiwa na hatari. Andika mambo manne: mkono ulianzia wapi, alijaribu njia ngapi tofauti, alikaa dakika ngapi, na nini kilimwondoa.

Sababu ya kuondoka ndiyo yenye faida kubwa. Akiondoka kwa kuvutwa na mzazi, kituo ni kizima na mzazi amekosa kiti. Akiondoka baada ya jaribio la kwanza kushindwa, hatua ya kwanza ni ngumu mno. Akiondoka baada ya jaribio la kwanza kufaulu, jibu limepatikana mapema mno, na hapo ongeza kitu cha kubadilisha. Rekebisha siku hiyohiyo kwa kisu na gundi, kisha leta kundi jingine. Mizunguko mitatu kwa kawaida hutosha.

Bomba la upepo, hatua kwa hatua

Ukijenga kituo kimoja tu mwaka huu, jenga hiki. Dari iwe na urefu wa mita 3.2 au zaidi.

Bomba lenyewe ni bamba la polikaboneti angavu, plastiki ngumu isiyopasuka upesi, lenye unene wa mm 1, upana wa sm 130 na urefu wa sm 180. Lizungushe lipate kipenyo cha sm 40. Mzingo wake ni karibu sm 126, hivyo unabaki na sm 4 za kupandanisha. Funga mshono kwa ribiti kila sm 10, vichwa laini vikielekea ndani ili karatasi zisinase, kisha ufunike kwa utepe angavu. Akriliki, plastiki nyingine angavu, haifai hapa. Ikikunjwa bila kupashwa moto kwa kipenyo kidogo hivi hupata nyufa ndogondogo, na siku moja hupasuka.

Feni ya kipenyo cha sm 40 ilazwe ikitazama juu ndani ya sanduku la plaiwudi ya mm 18, ambalo uso wake uko sm 50 kutoka sakafuni. Weka vipande vya mpira chini ya miguu ya feni, la sivyo sanduku lote litanguruma kama ngoma. Pembeni mwa sanduku toboa njia za hewa ambazo eneo lake kwa jumla halipungui sm² 1,260, yaani eneo la mdomo wa feni, nazo uzifunike kwa wavu. Njia zikiwa finyu, feni hukosa hewa, upepo hudhoofika na mota hupata joto.

Mapanga ya feni huuzungusha upepo, na upepo unaozunguka hubandika kila kitu ukutani mwa bomba. Dawa yake ni vipande vya bomba la plastiki vya kipenyo cha sm 3 na urefu wa sm 10, vilivyobanwa pamoja wima juu ya feni vikafunika mdomo wote. Hivyo hunyoosha upepo na pia huweka vidole mbali na mapanga. Juu yake weka wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi mm 5, uliofungwa kwa skrubu ambazo sarafu haiwezi kuzifungua.

Bomba lisimame juu ya nguzo tatu fupi, likiacha uwazi wa sm 25 kati yake na sanduku. Hapo ndipo mikono inapoingizia vitu. Kipimo hicho kina sababu: uwazi wa kati ya sm 9 na sm 23 unaweza kupitisha mwili wa mtoto mdogo na kukinasa kichwa. Kanuni hiyo inahusu kila uwazi ukumbini, kuanzia ngazi na reli hadi rafu zisizo na mgongo. Ama uwe chini ya sm 9, ama uzidi sm 23. Nayo matundu ya kati ya mm 8 na mm 25 hunasa vidole, hivyo epuka ubao wa kuchomekea vigingi wenye matundu ya wazi ya kipimo hicho.

Kasi ya feni ndiyo roho ya kituo. Upepo mkali hurusha kila kitu hadi darini, watoto hucheka kwa dakika moja, kisha hakuna tena swali. Weka swichi ya kasi tatu, na kasi ya kati iwe ile inayofanya kikombe cha karatasi kielee katikati ya bomba bila kupanda wala kushuka. Mtoto akiona kikombe kimeelea, mara moja hutaka kujua kikikatwa mdomo kitafanyaje.

Vifaa vya mezani: vikombe vya karatasi, karatasi nyepesi, vipande vya kitambaa, vikapu vidogo vya plastiki vyenye matundu, mipira ya tenisi ya meza, gundi ya utepe na mikasi yenye ncha butu. Aina tano za vitu vya kurusha, takriban 20 kila aina, zinatosha. Mlima wa vifaa huwafanya watoto wachimbue badala ya kuchagua. Weka mezani kazi mbili au tatu za watoto waliotangulia, hasa za ajabu au zisizopaa vizuri. Ukiweka mfano mmoja uliokamilika, watoto wote watauiga, na jioni utakuwa na parachuti 60 zinazofanana.

Hewa ikiwa kavu, karatasi nyepesi hung'ang'ania ukuta wa bomba kwa sababu ya umeme tuli. Futa ndani kwa kitambaa chenye unyevu na tone la sabuni, uache pakauke bila kusuuza.

Vitu halisi havina budi kuwapo

Ukumbi wa michezo mitupu hautofautiani na uwanja wa kuchezea. Nguvu ya makumbusho ni vitu halisi, na watoto hutambua upesi kitu cha kweli na cha kuigiza. Makumbusho ya watoto ya Brooklyn, jijini New York, yaliyofunguliwa mwaka 1899 na yanayotajwa kuwa ya kwanza ya aina yake, yalianza na mikusanyo ya vitu vya asili kabla ya mashine zozote za kuchezea.

Kila kitu kilicho nyuma ya kioo kipatie mwenzake wa kushikwa: nakala, kipande cha nyenzo ileile, au chombo kilichotumika kukitengeneza. Chungu cha kale kikae kabatini, na mbele yake pawe na udongo na kibao cha kuchorea nakshi. Njia nyingine ni kukata vitu vya kawaida katikati, kama bomba la maji, kiatu, kitasa au mpira, uonyeshe tumbo lake. Kingo za chuma zilizokatwa zilainishwe kwa tupa, kisha msasa, na mwisho zipakwe vanishi.

Karatasi, nguo na manyoya ya mkusanyo havivumilii mwanga wa zaidi ya laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), ilhali meza ya kazi inahitaji laksi 300 hadi 500. Usijaribu kuvichanganya chini ya taa moja. Droo ndiyo suluhisho zuri kuliko yote: kitu hukaa gizani hadi mtoto aivute, na kuivuta huko kwenyewe ni ugunduzi. Reli za droo ziwe za kujifunga polepole, na ziwe na kizuizi kinachoacha nafasi ya sm 3 ukingoni ili vidole visibanwe.

Mwili wa mtoto ndio rula

Mtoto wa miaka 3 ana macho kwenye kimo cha takriban sm 85, wa miaka 6 takriban sm 105, wa miaka 10 takriban sm 127. Kitu muhimu kikikaa sm 140, umemwandalia mzazi. Meza ya watoto wa chini ya miaka 5 iwe sm 45 hadi 50, ya wakubwa sm 60 hadi 65. Angalau meza moja katika kila eneo iache nafasi ya magoti ya sm 70 chini yake kwa mwenye kiti cha magurudumu, na mbele yake pawe na mduara wa mita 1.5 wa kugeuzia.

Vituo viachane kwa mita 2, na meza zisukumwe mbali na ukuta ili zifikiwe pande tatu au nne. Watoto hubuni kwa kuchungulia kazi ya jirani. Meza iliyobandikwa ukutani huwanyima hilo. Mlangoni acha mita kadhaa bila kituo chochote, kwa kuwa wanaoingia husimama kwanza kutafuta pa kwenda, na kituo kilichowekwa hapo huzibwa na migongo.

Kiti cha mtu mzima kiwe ndani ya mita 1.5 ya kituo, kikitazama mikono ya mtoto. Kikiwekwa mbali, mzazi huzama kwenye simu. Asipokuwa na kiti kabisa, humwambia mtoto "twende". Kelele nazo hufukuza watu. Sakafu ya saruji na kuta tupu hurudisha mwangwi, kwa hiyo funika sehemu kubwa ya dari kwa paneli laini za kunyonya sauti.

Kwa wadogo wa chini ya miaka 3, pitisha kila kipande kwenye kopo la majaribio lenye kipenyo cha mm 31.7, linaloonyesha vitu vinavyoweza kumkaba mtoto. Kinachozama chote hakifai. Gololi za kawaida huzama. Mpira wa tenisi ya meza wenye mm 40 hauzami, lakini nao haufai kwa umri huu, kwa kuwa mpira wa chini ya mm 44.5 unaweza kuziba koo. Sumaku zifungiwe ndani ya mbao kwa gundi na kifuniko cha plaiwudi. Zikibandikwa juu tu hung'oka, na mtoto akimeza mbili zinaweza kushikana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa.

Maneno

Maelezo ya kituo yasizidi maneno 40, kwa herufi za pointi 30 au zaidi. Mstari wa kwanza uwe jambo la kufanya, au swali linalojibika kwa mikono: "Kikombe hiki kikitobolewa kitapanda au kitashuka?" Maelezo ya kisayansi yawekwe pembeni kwa ajili ya mtu mzima, kwa sababu ndiye atakayeulizwa. Usitoe jibu kwenye mstari uleule wa swali.

Baada ya ufunguzi

Tenga dakika 20 kila asubuhi kabla ya milango kufunguliwa: kaza boliti, hesabu vipande, jaribu kila kitu kwa mkono. Boliti ziwe na nati za kujifunga, maana mtikisiko wa kila siku hulegeza za kawaida. Weka akiba ya robo ya vipande vyote. Vingine vitaondoka mifukoni, na ni afadhali kuchagua vipande vya bei ndogo kuliko kuvifunga kwa minyororo.

Kituo kilichoharibika kifunikwe au kiondolewe saa hiyohiyo. Karatasi ya "kimeharibika" haitoshi, kwa kuwa asiyejua kusoma ataendelea kusukuma, na hataweza kutofautisha kitu kibovu na kitu kigumu. Mhudumu aandike daftarini kilichovunjika, saa, na namna watoto walivyokuwa wakikitumia. Kitu kikivunjika mahali palepale mara tatu, badilisha umbo la sehemu hiyo kabla hujaiongezea unene.