Jinsi ya kuelewana na ndugu yako mtu mzima mwenye usonji, nilivyojifunza kwa Damian Milton

Mdogo wangu ana miaka 27, ni fundi simu Kariakoo, ana usonji (autism), yaani ubongo wake unapokea maneno na watu kwa namna tofauti na wengi wetu, na miaka yote hapa nyumbani Mbagala tulikuwa tunamsema kwamba ye ndo haelewi watu. Siku moja jirani alikuwa anakula barazani, dogo akapita, jirani akasema "karibu chakula" kama tunavyosemaga wote, basi dogo akanawa akakaa akala ubwabwa mpaka sahani ikaisha, jioni tukaletewa mashtaka eti tumelea mtu hana adabu. Sasa hapo nani hajamwelewa mwenzake, aliyekaribishwa akala au aliyekaribisha huku hamaanishi?

Hilo ndo swali la Milton. Ni mwanasosholojia wa Uingereza, mtoto wake aligundulika na usonji mwaka 2005, na yeye mwenyewe 2009 akiwa mtu mzima kabisa. Mwaka 2012 akaandika kwenye jarida la Disability & Society kwamba kutoelewana kati ya mwenye usonji na asiye nao kuna pande mbili, kila mmoja anashindwa kumsoma mwenzake, ila lawama anabebeshwa mmoja tu. Kabla ya hapo watu walishikilia utafiti wa London wa 1985, watoto 20 wenye usonji walioneshwa wanasesere, 16 wakakosea kusema mwanasesere atatafuta wapi gololi yake iliyohamishwa akiwa hayupo, basi ikawa wimbo kwamba wenye usonji hawajui mwingine anawaza nini, na watu wazima nao wakabandikwa hivyohivyo.

Kwahiyo anza na mdomo wako. Wiki nzima jisikilize ni mara ngapi unasema kitu ambacho sicho, "nipo njiani" na hata kuoga bado, "nakuja sasa hivi", "tutaongea". Mi nilimwambia dogo nipo njiani akanisubiri kituo cha mwendokasi Gerezani masaa mawili amesimama, hakutaka kukaa asije akanipita, nilivyofika shati lote limelowa jasho na hakunilaumu, na hiyo iliniuma kuliko angenigombeza. Siku hizi namwandikia "natoka saa kumi, nafika saa kumi na moja kasoro", nikichelewa natuma meseji nyingine yenye saa mpya, basi.

Kwenye salamu angalia kitu kimoja, "shikamoo" anaitoa vizuri sana kwasababu jibu lake ni marahaba na limeisha, ila "mambo" ina majibu ishirini halafu inafuata za nyumbani, za kazi, mbona umepotea, na hapo ndo anakwama watu wanasema anaringa. Fupisha salamu, uende kwenye jambo. Na usimlazimishe akuangalie machoni, wengi wenye usonji wanasikiliza vizuri wakiangalia pembeni, dogo anafungua simu ya mteja huku ananisikiliza na neno halimpiti.

Jambo zito, kama hela au msiba au kuhama, liandike kwenye meseji kisha subiri. Usirudie swali kwa maneno mengine wakati bado anafikiria, mana kwake hilo linakuwa swali jipya na inabidi aanze upya.

Ndugu wakikuambia hayo ni kumdekeza, waelezee alichofanya mtafiti Catherine Crompton kule Edinburgh, Uskoti, mwaka 2020. Ni kama ule mchezo wa kunong'onezana, watu 72 kwenye makundi ya nane nane, wa kwanza anapewa hadithi anampa wa pili mpaka wa mwisho. Makundi ya wenye usonji watupu yaliitunza hadithi sawa na ya wasio na usonji, ya mchanganyiko ndo yaliipoteza zaidi. Ila usiishie hapo, mana 2025 walirudia na watu 311 na safari hii makundi yote yakatoka sawa, kwahiyo usiende kutangaza kwamba wanaelewana wao kwa wao tu. Kilichosimama mara zote mbili ni kwamba wenye usonji hawakuwa wabovu wa kupeleka habari, na mi naona hilo linatosha kuwafanya ndugu wamsikilize.

Mwisho nenda kwa majirani, lakini muombe ruhusa mwenyewe kwanza, ni habari zake sio zako. Mi nilimtumia dogo meseji kumuuliza kama nimwelezee yule jirani, akakaa kimya siku mbili, ya tatu akajibu "mwambie, ila usimwambie kuhusu kulala na taa". Nikaenda nikamweleza hayo tu, mama wa watu akasikitika kwasababu ye alijua amedharauliwa. Sasa hivi akiwa barazani anasema "dogo, nakusalimia tu", na siku akipika cha kutosha anasema "dogo, njoo, sahani yako hii hapa", na dogo ananawa anakaa.