Kipeo cha kumi: hesabu tarakimu zilizo kulia

Nimeigundua njia hii jana hapa Uyole, nikimsaidia mwanangu kwa namba ya kwenye risiti ya viazi. Kuandika namba nzima kwa kirefu kwa vipeo vya kumi, shika tarakimu moja, hesabu zilizo kulia kwake: idadi hiyo ndiyo kipeo (ile namba ndogo ya juu ya 10). Mfano 70,305: kulia kwa 7 zipo nne, kwa 3 mbili, kwa 5 hakuna. Basi 7×10⁴ + 3×10² + 5×10⁰ (10⁰ ni 1). Inakubali kwa sababu kila nafasi kwenda kushoto ni mara kumi. Sifuri huna haja ya kuiandika, lakini ihesabu! Wangu aliziruka, akapata 735. Kwenye desimali kama 48.5 inagoma, hapo, kwa tarakimu zilizo kushoto kwa nukta, ishia kuhesabu kwenye nukta.