Mkusanyo wa kwanza wa muziki wa klasiki: tafuta rekodi, si jina la kazi tu

Ukitafuta Simfoni ya Tano ya Beethoven kwenye programu ya muziki kwa jina hilo tu, utaletewa yoyote, aghalabu ile sehemu ya kwanza peke yake ndani ya albamu ya mseto. Andika vitu vinne: mtunzi, kazi, kondakta (wa okestra, si wa daladala) na mwaka. "Beethoven 5 Kleiber 1974" itakufikisha kwa kondakta Carlos Kleiber na okestra ya Vienna Philharmonic, toleo la kampuni ya rekodi ya Deutsche Grammophon. Anza na hiyo. Hesabu sehemu zake: zisipotimia nne, umepata iliyokatwa.

Kabla ya kusikiliza, ingia kwenye mipangilio ya programu uzime uchezaji wa kuchanganya (shuffle) na ule wa kufifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine (crossfade). Sehemu ya tatu huingia ya nne bila kituo: ngoma zinagonga chinichini, fidla zinapanda, mara tarumbeta zinalipuka. Kifaa kikiweka kimya cha hata sekunde moja hapo, mlipuko wote umeharibika, nawe utailaumu rekodi bure.

Ya pili ni Goldberg Variations za Bach, Glenn Gould akipiga piano, na hapa chukua mbili. Ya 1955 ni mono (sauti ya njia moja, si mbili kama stirio), inakimbia, inaisha kwa dakika 38 hivi. Ya 1981 inachukua dakika 51. Sikiliza aria (kipande cha ufunguzi) ya rekodi ya kwanza, kisha ya rekodi ya pili papo hapo: moja haifiki dakika mbili, nyingine inapita tatu. Noti ni zile zile na vidole ni vile vile. Ile sauti ya mguno nyuma ya piano ni Gould mwenyewe anaimba. Spika yako haina kosa.

Ya tatu ni konsato ya selo (kazi ya mpiga selo mmoja na okestra) ya Elgar: Jacqueline du Pré akipiga selo, London Symphony Orchestra, kondakta Barbirolli, 1965.

Kwa opera, Tosca ya Puccini ya 1953: Maria Callas akiimba, okestra na kwaya ya jumba la opera la La Scala, kondakta de Sabata. Ni mono, na iache hivyo hivyo. Ukikuta santuri ya zamani ya mono iliyogeuzwa stirio kwa mitambo, ipite. Sauti zake huwa na mwangwi wa kubandikwa. Weka maneno ya opera mkononi unaposikiliza, la sivyo utachoka kabla ya tendo la pili.

Makasha ya diski hamsini yasubiri. Bei kwa diski ni ndogo kweli, ila nyingi hubaki hazijafunguliwa.