Hofu kwanza, begi baadaye: tunavyojiandaa kwa tetemeko Mikindani

Mara ya kwanza nilipowaita akina mama barazani kwangu kuzungumzia tetemeko la ardhi, nilianza na kuta. Nikawaonyesha nyumba zetu za kale za mawe ya matumbawe na chokaa, nikaeleza zinavyoporomoka. Sijafika hata kwenye begi la dharura, dada mmoja akajitanda khanga yake akaondoka. Kumbe alikuwa Bukoba tarehe 10 Septemba 2016, lilipopiga lile la ukubwa wa 5.9.

Tangu hapo naanza na hofu. Mwenye hofu asiyoisema hukwepa habari yote, begi lenyewe haligusi. Haiti baada ya tetemeko la 2010, na Nepal baada ya lile la 2015, mafunzo ya kutuliza moyo na ya kujikinga yaliunganishwa, watu wakajiandaa zaidi.

Fanya kikao baada ya alasiri, mkekani, watu wasiozidi kumi na watano. Uliza: "Ukiogopa, unaisikia wapi mwilini?" Mmoja atasema tumbo, mwingine magoti. Asiyetaka kusimulia yaliyompata asilazimishwe. Kisha wafundishe pumzi: vuta ukihesabu mpaka nne, toa polepole mpaka sita, kama unapoza chai. Wazee watacheka. Waache wacheke.

Sasa ndipo mzunguke nyumba kwa nyumba. Kitanda kisikae chini ya rafu ya masufuria, kabati lifungwe ukutani. Na yale mawe tunayoweka juu ya bati lising'olewe na upepo, angalieni yataangukia wapi. Kwangu yalikuwa juu ya mlango kabisa!

Halafu wapange watu wawili wawili. Hapa usiharakishe, maana jozi hiyo ina kazi mbili. Ardhi ikitulia, wanatafutana, na wanajua tangu leo nani anamshika bibi mkono na nani anambeba mtoto. Siku ya tatu, mmoja anamwuliza mwenzake: "Umelala?" Si "hujambo", kwa sababu hujambo hujibiwa sijambo hata na mtu anayezama. Akianza kulia, usimwambie ashukuru yuko hai. Mpe maji, kaa naye, uliza anahitaji nini sasa hivi.

Wanaume hawaji barazani. Mimi huwafuata kwenye bao.

Begi lenyewe halina maneno mengi: maji, dawa za kila siku, tochi, redio ya betri, nakala ya kitambulisho, namba 114 ya Zimamoto imeandikwa kwenye karatasi. Ongeza kitu cha kutuliza: tasbihi ya babu, au leso ambayo mtoto hulala nayo.

Katika zoezi, aliye jirani na mlango unaotokea uwanjani atoke; aliye mbali apige magoti, akinge kichwa na shingo. Mtikisiko ukikoma, pumzi tatu, kisha wote kilimani nyuma ya Boma. Sisi tunakaa ufukweni, na mawimbi ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, yaliyoletwa na tetemeko la chini ya bahari, yalifika pwani ya Tanzania kutoka Sumatra, Indonesia. Mtikisiko mkali au wa muda mrefu ndio tangazo lenyewe, usingoje jingine. Waambie pia kwamba mitetemo midogo hufuata, ili ikija wasidhani wanarukwa na akili.

Asiyelala kwa wiki kadhaa, au aliyeacha kula, msindikize zahanati. Usimwelekeze njia tu. Anayesema bora afe, ni siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake. Mtwara mjini tuna hospitali ya Ligula.

Zoezi la kushtukiza usifanye. Mimi hutangaza siku mbili kabla, na ishara yetu ni sufuria na mwiko. Yule dada alirudi mara ya tatu, akakaa karibu na ngazi. Siku hizi sufuria anapiga yeye. Anasema akishika mwiko mwenyewe, anajua kelele inaanza lini.